Moshi wa magari: Jinsi ya kupima hatua za uchukuzi Machakos

Serikali inapojenga barabara au reli, huahidi mambo mawili: safari ya haraka na hewa safi. Ahadi hizo si kitu kimoja, wala ya kwanza haileti ya pili daima. Kaunti ya Machakos, ambayo makao yake makuu yako takriban kilomita 60 kutoka Nairobi, inadhihirisha tofauti hiyo.

Moshi hukadiriwa kwa kuzidisha mambo matatu: idadi ya magari, umbali ambao kila gari husafiri na kiasi cha moshi linachotoa kwa kila kilomita. Kiasi hicho hutegemea mafuta, hali ya injini, mzigo na mwendo. Gari linalosimama na kuondoka kila mara katika msongamano huchafua hewa zaidi kuliko linalokwenda kwa mwendo wa wastani.

Baadhi ya hatua hugusa mafuta pekee. Mwanzoni mwa 2006 Kenya ilikuwa imeachana na petroli yenye risasi, na mnamo Januari 2015 salfa katika dizeli ilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni. Athari za hatua kama hizo ni rahisi kukadiria, kwa kuwa safari zenyewe hazibadiliki.

Hatua nyingine hubadilisha safari. Stesheni ya reli ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012. Swali hapa si abiria wangapi walipanda garimoshi, bali ni wangapi kati yao waliacha magari nyumbani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya kaboni. Tuseme gari hutumia lita moja kwa kilomita 10: safari ya Machakos hadi Nairobi hutoa karibu kilo 14. Dereva akiwa peke yake, zote ni zake. Matatu ya abiria 14 ikitumia mafuta hayo hayo, kila abiria ana kilo moja tu.

Barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kutumiwa Mei 2022. Anayelipa ada huepuka msongamano. Hata hivyo, barabara nyepesi huvutia safari mpya: aliyezoea matatu huanza kuendesha gari lake, na mwingine huhamia mbali zaidi na jiji.

Kwa hivyo, tathmini ya haki huhesabu magari kabla na baada ya mradi, juu na chini ya barabara hiyo, kisha hulinganisha na hali ambayo ingekuwepo bila mradi. Hesabu hurudiwa baada ya miaka kadhaa, maana safari mpya hazijitokezi mwezi wa kwanza. Bila hivyo, dakika alizookoa dereva zitasifiwa, huku mchuuzi wa kando ya barabara pale Mlolongo akiendelea kuvuta moshi usiohesabiwa na yeyote.