Mungu Alisema na Nani?

Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, Mungu anaamuru na vitu vinakuwa: nuru, nchi kavu, samaki, ndege. Inapofika zamu ya binadamu, aya ya 26, kauli inageuka. Mungu anasema "tumfanye". Kwa Wayahudi, ambao imani yao imesimama juu ya Mungu mmoja, wingi huo umeumiza vichwa kwa takriban miaka 2,000, na jibu la kila zama lilitegemea sana ni nani aliyekuwa akiuliza.

Philo wa Alexandria, katika karne ya 1, alisema Mungu alitumia wasaidizi kwa kuwa binadamu huchanganya mema na mabaya, na mabaya hayafai kuhesabiwa kwa Muumba. Talmud, kitabu cha mafundisho ya marabi, nayo inasimulia kwamba mfalme Ptolemaio wa Misri aliwatenga wazee 72, kila mmoja nyumba yake, watafsiri Torati kwa Kigiriki; wote wakaandika "nitamfanya" bila kushauriana. Tafsiri tuliyonayo imebaki na wingi uleule, lakini kisa chenyewe kinaonyesha marabi walivyoihofia aya hiyo ikishaingia mikononi mwa wageni.

Hofu haikuwa ya bure. Katikati ya karne ya 2 Justin, Mkristo mzaliwa wa Palestina, aliandika majibizano yake na Myahudi aitwaye Trypho, akaishika aya hiyo kama ushahidi kwamba Mungu hakuwa peke yake.

Karne iliyofuata wazushi walimkabili Rabi Simlai kwa swali hilohilo. Someni aya inayofuata, akawajibu: aliyeumba anatajwa kwa umoja. Walipoondoka, wanafunzi wakamgeukia: hao umewasukuma kwa unyasi tu, sisi je? Ndipo akawaambia kwamba tangu Adamu na Hawa, mtu hapatikani kwa mwanamume bila mwanamke, wala kwa hao wawili bila Mungu. Jibu moja la mlangoni, jingine la ndani.

Bereshit Rabba, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi hao uliokamilika yapata karne ya 5, unathubutu zaidi. Musa anaandika Torati, anafika kwenye neno lile, anasita: Mola, mbona unawapa wazushi mwanya? Anaambiwa aandike, na atakaye kupotoka apotoke. Kwingineko malaika wanabishana kama binadamu aumbwe. Ukweli unapinga kwa kuwa atakuwa mwongo, Amani inapinga kwa kuwa atakuwa mgomvi. Wakiwa bado wanavutana, Mungu anawaambia ameshaumbwa. (Aliyesoma Suratul Baqara atawakumbuka malaika wenye wasiwasi kama huo.)

Saadia Gaon, mzaliwa wa Fayyum aliyeandika kwa Kiarabu katika karne ya 10, aliona ni lugha ya wafalme tu. Ibn Ezra wa Hispania akaikataa hoja hiyo, akarudi kwa malaika. Rashi wa Troyes, aliyefariki mwaka 1105, aliona somo la adabu: mkubwa awashauri wadogo, hata kama mzushi atapata pa kupenyea.

Kwangu mimi aliyewapita wote ni Nahmanides wa Girona, yuleyule aliyesimamishwa Barcelona mwaka 1263 kujadiliana na Wakristo mbele ya mfalme. Hakuhitaji malaika wala taji. Ardhi ilikuwa imekwisha kuamriwa kutoa wanyama. Sasa, asema, Mungu aliiambia ardhi hiyohiyo itoe mwili, naye atatoa roho.