Pombe Isiyokubali Kizibo

Jioni za baridi hapa Kizwite, Sumbawanga (na baridi ya Ufipa siyo ya mchezo), utakuta watu wameketi kwenye kimpumu, kila mmoja na mrija wake, wanavuta taratibu pombe ya ulezi iliyomiminiwa maji ya moto. Jamaa zangu wa Dar hawaamini nikiwasimulia. Pombe ya moto? Kwao pombe ni bia, na bia ni chupa inayotoka jasho.

Basi leo nina ugomvi na hiyo chupa. Historia yake imeandikwa vizuri sana. Mwaka 1922 ndugu wawili Wazungu, akina Hurst, walianzisha kiwanda Kenya, mwaka uliofuata mmoja wao akauawa na tembo, ndiyo maana kuna bia inaitwa Tusker. Mwaka 1933 ikaja Tanganyika Breweries. Mwaka 1967, Azimio la Arusha, serikali ikashika hisa, na 1993 wakaingia Makaburu. Hata tembo kapata nafasi yake kitabuni! Sasa hebu nitafutie tarehe moja tu ya kimpumu.

Hakuna, ingawa kazi yenyewe ni ya kitaalamu. Ulezi unalowekwa, unafunikwa mahali pa joto mpaka uchipue, unaanikwa juani, unasagwa. Hapo umepata kimea. Mbegu inapochipua inajitengenezea vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chakula cha hamira. Mama anapika uji, anausubiri upoe, anachovya kidole, ndipo anatia kimea. Akitia uji ukiwa unachemka, vimeng'enya vinakufa na kazi imeharibika. Louis Pasteur alieleza mwaka 1857 kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai, na 1876 akatoa kitabu kizima juu ya bia. Mama hajasikia jina la Pasteur, lakini kidole chake hakijawahi kumdanganya.

Na kwa nini kimpumu haiingii kwenye chupa? Kwa sababu iko hai. Kimea kimo humohumo, kinazidi kutoa sukari, hamira inazidi kula, hewa inazidi kujaa. Ukiikaza kizibo umetengeneza bomu. Kiwandani bia inachujwa na kupashwa moto ili vijidudu vife, ndipo inaweza kusafirishwa mbali na kukaa miezi dukani. Yetu inanywewa hapahapa, na watu unaowajua. Mimi naona huo ni utaratibu wake tu, wala si ushamba.

Lakini sheria iliona vingine. Wakoloni waligawa vinywaji kwa rangi ya ngozi: bia ya chupa ilikuwa ya Mzungu, na Mwafrika aliwekewa vizuizi kuinunua, yeye akaachiwa iliyoitwa pombe ya wenyeji, ya kulipiwa kibali na kunywewa kilabuni. Uhuru ulipokuja tukairithi chupa pamoja na cheo chake. Sheria ya vileo ya 1968 nayo ikaendelea kutenga pombe ya kienyeji peke yake.

Huko Ulaya mambo yalikwenda kinyume. Uingereza iliondoa leseni ya kujitengenezea bia nyumbani mwaka 1963, na Marekani ikaruhusu mwaka 1978. Basi watu wenye kazi zao nzuri wakaanza kuchemsha kimea jikoni siku za mapumziko, wanangoja sukari iishe, wanatia kijiko kidogo cha sukari kwenye kila chupa ili ipate povu, wanaziba na kubandika lebo. Wanaita burudani. Mama yangu akifanya hayohayo anaitwa mama pombe. Shuleni mwalimu mmoja alitusimamisha mbele ya darasa, watoto wa wauza pombe, kama vile tumeiba. Sare niliyovaa siku hiyo ilinunuliwa na kimpumu, na daftari pia.

Nikisema daftari namkumbuka Max Heinrich, Mjerumani aliyekuwa akitengeneza pombe ya nafaka Kitwe, huko ambako leo ni Zambia, jirani zetu hapa, miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba kila mara alikuwa akiandika kwenye kitabu chake, na wanywaji wakaiita pombe ile Chibuku, kwa sababu ya hicho kitabu. Ni pombe ya wanawake wetu kabisa, ya mtama na mahindi, lakini jina ikalipata kwa mtu aliyeshika kalamu. Baadaye ikauzwa hata Dar es Salaam, ikiwa kwenye boksi.

Nyie wenzangu mnaotaka kuandika riwaya kama mimi, mnatafuta wafalme na majasusi. Mimi nimenunua kaunta buku, kwa pesa ya kimpumu ileile, nikakaa jikoni. Nikaandika: debe moja la ulezi. Mama akachungulia, akaniuliza, "Debe lipi, mwanangu? Lililofutwa juu au lenye kilele?" Nikafuta. Akasema, "Halafu mwezi gani? Juni ulezi unachelewa kuchipua." Nikafungua ukurasa mwingine.