Timu Iliyotangulia Taifa Lake

Wasikilizaji wetu, wako wasemao kuwa mpira wa miguu ni mchezo tu, nao ukiisha umekwisha. Hata sisi walimu huwaambia hivyo wanafunzi wetu waliofungwa, ili wasihuzunike. Lakini habari za Algeria zatufundisha kuwa mpira huweza kubeba mambo mazito kuliko mabao.

Wafaransa waliuteka mji wa Algiers mwaka 1830. Baadaye nchi ile ikahesabiwa kuwa sehemu ya Ufaransa yenyewe, na vijana wake hodari wa mpira, walipochaguliwa kucheza na mataifa mengine, walivaa jezi ya Ufaransa. Tarehe 8 Mei, 1945, siku ya kushangilia mwisho wa vita vya Ulaya, watu wa mji wa Sétif waliandamana na bendera ya Algeria. Wakapigwa risasi, na katika majuma yaliyofuata maelfu ya Waalgeria wakauawa. Mtoto mmoja wa mji ule, Rachid Mekhloufi, alikuwa na umri wa miaka minane.

Mtoto huyo alikua akawa mshambulizi mashuhuri wa Saint-Étienne, timu iliyotwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1957. Mwaka uliofuata, yeye na Mustapha Zitouni, beki wa Monaco, walitazamiwa kuichezea Ufaransa katika Kombe la Dunia huko Sweden. Ni mchezaji gani asiyeitamani siku kama hiyo? Lakini vita vya kudai uhuru wa Algeria vilikuwa vikiendelea tangu mwaka 1954. Basi mwezi wa Aprili, 1958, wao na wenzao kadha wakaondoka Ufaransa kwa siri, wakaenda Tunis kujiunga na chama cha ukombozi, FLN. Mekhloufi alikuwa bado katika utumishi wa jeshi la Ufaransa, hivyo alihesabiwa kuwa askari mtoro.

Huko Tunis wakaunda timu ya Algeria, hali dola ya Algeria haijawa bado. FIFA ilikataa kuitambua, tena ikatishia kuwaadhibu watakaocheza nayo. Hata hivyo ilikaribishwa katika Afrika ya Kaskazini, nchi za Waarabu, Ulaya ya Mashariki, China na Vietnam. Watu wengi wasiojua lolote juu ya vita ile waliisikia Algeria kwa mara ya kwanza uwanjani.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza ugenini miaka minne ili wapate mahali pa kupaita kwao. Na tarehe 5 Julai, 1962, Algeria ikawa huru.

Wala habari haikuishia katika chuki. Mekhloufi alirudi Saint-Étienne, na mwaka 1968 akafunga mabao yote mawili ya timu yake katika fainali ya Kombe la Ufaransa. Aliyemkabidhi kombe ni Rais de Gaulle, yeye aliyeitawala Ufaransa katika miaka ya mwisho ya vita ile.

Basi tuionapo timu ya taifa imesimama mbele ya bendera yake, tusidhani kuwa ni desturi tupu. Wako waliotoa sehemu bora ya ujana wao ili bendera ya namna hiyo ipate kupandishwa.