Baraza la Chini ya Mti

Ewe msomaji, ukishuka kwa barabara itokayo Kitale kwenda Lodwar, utapita Kainuk, karibu na mto Turkwel, mpakani mwa Waturkana na Wapokot. Katika nchi hiyo ya jua kali, mti mkubwa si kivuli tu, bali ni baraza la wanaume. Kila mtu huja na kigoda chake, ambacho pia hukilalia kichwa, wakazungumza habari za malisho, maji, mahari na vita.

Je, baraza hilo hukuaje, na hufifiaje? Mvua ikinyesha, nyasi huota. Mifugo hukaribiana, na watu nao. Mnyama huchinjwa, na wanaume huketi nusu duara katika akiriket, yaani karamu ya dhabihu, wakifuata madaraja yao mawili, Mawe na Chui: baba akiwa Jiwe, mwanawe huwa Chui. Kiangazi kikija, kila mwenye mifugo huenda zake kutafuta majani, na baraza huvunjika. Lakini kuvunjika huko si kufa. Ni kama mto wa msimu: juu mchanga mkavu, chini maji yamo.

Kufa kwenyewe kuna sababu nyingine. Ukame wa 1979 hadi 1981 uliwanyang'anya wengi mifugo yao, wakaishia kwenye kambi za chakula. Naye asiye na mnyama hana la kujadili juu ya malisho. Tena, mwaka 1979 ghala ya silaha ya Moroto, Uganda, iliporwa, na bunduki zikaenea. Kijana mwenye bunduki aliweza kuvamia bila kungoja baraka ya mzee. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Nasi twaongeza, iwapo vijana wangali wanasikiliza.

Tazama sasa Lokiriama. Mwaka 1973 wazee wa Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walizika silaha na kupatana, na mapatano hayo hukumbukwa kila mwaka mahali palepale. Huko Kainuk mikutano ya amani na Wapokot imefanywa mara nyingi, na wizi wa mifugo umerejea mara nyingi.

Basi, uonapo baraza limenyamaza, usiulize tu ni nani aliyeondoka. Uliza ni haja gani iliyowakutanisha, na kama yupo aliye tayari kurudi kwanza na kuketi.