Uhusiano wa umma

Uhusiano wa umma (kwa Kiingereza public relations, au PR) ni kazi ya kujenga na kulinda maelewano kati ya taasisi na watu wanaoguswa na shughuli zake: wateja, wafanyakazi, majirani, wanahabari, serikali. Tanzania mwenye kazi hiyo huitwa afisa uhusiano. Kenya husikika zaidi afisa wa uhusiano mwema. Ndiye anayeandika taarifa kwa vyombo vya habari, anayeitisha mikutano na waandishi, na anayepokea malalamiko na kuyafikisha kwa wakubwa. Jukumu hilo la mwisho halionekani sana, lakini ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa msemaji asiyesikiliza watu hana cha kuupelekea uongozi isipokuwa sifa.

Fani hii ilipata sura yake ya leo nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1906 Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa habari, alitoa tamko akiwaahidi wahariri taarifa za wazi na sahihi. Edward Bernays, mpwa wa Sigmund Freud, alifuata njia nyingine. Mwaka 1929 alipanga wanawake wavute sigara hadharani katika gwaride la Pasaka jijini New York. Tukio lilionekana kuwa dai la usawa, kumbe mlipaji alikuwa kampuni ya tumbaku.

Dar es Salaam au Nairobi, mtu akisema “hiyo ni PR tu”, anamaanisha tendo la kujionyesha, kama kiongozi kugawa unga mbele ya kamera. Lawama hiyo ni ya haki, maana wengi wameitumia fani kufunika maovu. Lakini hiyo si maana yote ya fani hii.

Mfano wa upande wake mwingine ni huu. Mwaka 1982 watu saba walikufa katika eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vya kutuliza maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sumu ya sianidi na mtu ambaye hajajulikana hadi leo. Johnson & Johnson, kampuni iliyomiliki dawa hiyo, haikujificha. Iliwatahadharisha wananchi wasiitumie dawa hiyo, ikajibu maswali ya waandishi, kisha ikaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31, kwa hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Tylenol iliporudi ilikuwa na vifungashio vinavyoonyesha kama vimefunguliwa, na wateja wakarejea. Taarifa kwa wanahabari, hata ingeandikwa vizuri namna gani, isingewarudisha kama chupa zile zingeachwa madukani.