Jukwaa la Ngomeni na Maada ya Giza

Sehemu ya pwani ya Waswahili, kuanzia Malindi kupita Lamu na visiwa vya Wabajuni kama Ngumi hadi Kismayu, imelala karibu na ikweta. Huko ndiko uso wa dunia huzunguka kwa kasi kubwa kuliko kwingine, na roketi inayoelekea mashariki hufaidi kasi hiyo. Kwa sababu hiyo Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma, alisimamisha jukwaa la San Marco baharini mkabala wa Ngomeni, karibu na Malindi. Setilaiti ya kwanza ilirushwa hapo Aprili 1967. Historia ya pwani hii husimuliwa kwa majahazi na magofu, lakini jukwaa hili nalo linastahili sura yake.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa hapo setilaiti ambayo Marjorie Townsend wa NASA aliipa jina la Uhuru. Kazi yake ilikuwa kupima eksirei za angani, ambazo angahewa huzizuia zisifike ardhini. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kilichovuma zaidi ni Cygnus X-1, shimo jeusi. Ugunduzi wenye umuhimu zaidi ulikuwa mwingine: katika makundi ya galaksi ya Virgo, Perseus na Coma, eksirei zilitanda kundi zima badala ya kutoka sehemu moja. Mwaka 1976 vipimo vya Ariel 5, setilaiti ya Uingereza iliyorushwa pia Ngomeni, vilithibitisha kwamba chanzo ni gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Gesi hiyo ingekwisha kutawanyika kama isingeshikwa na mvutano unaoshinda ule wa galaksi na gesi yenyewe kwa pamoja. Mwanaastronomia Fritz Zwicky alikuwa amefikia hitimisho hilohilo mwaka 1933 kwa kupima mwendo wa galaksi za Coma.

Kitu kisichoonekana kinacholeta mvutano huo wa ziada huitwa maada ya giza. Maada hiyo ni nini? Mwaka 2000 wanafizikia Wayne Hu, Rennan Barkana na Andrei Gruzinov walipendekeza chembe nyepesi kuliko elektroni kwa zaidi ya mara bilioni bilioni bilioni. Chembe nyepesi hivyo huenda kama wimbi lenye urefu wa maelfu ya miaka ya nuru, ndiyo maana haziwezi kusongamana katikati ya galaksi ndogo. Chembe za jamii hiyo zilizo nzito zaidi zingepunguza kasi ya mzunguko wa mashimo meusi. Cygnus X-1 huzunguka kwa kasi kubwa, na wanafizikia wameutumia mzunguko huo kuzikataa baadhi ya chembe hizo.