Randa ya umeme

Randa ya umeme ni kifaa cha useremala kinachoshikwa kwa mikono na kuendeshwa na mota, kinachotumika kulainisha mbao na kupunguza unene wake. Hufanya kazi haraka kuliko randa ya mkono, lakini isipopangwa vizuri huacha mawimbi, mabonde au mteremko juu ya ubao.

Katika mikoa ya Iringa na Mbeya, Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, mbao nyingi ni za msindano (Pinus patula), mti wenye asili ya Meksiko. Hutoka katika mashamba ya serikali kama Sao Hill (Mufindi) na Kiwira (Rungwe), na pia katika mashamba ya wakulima. Nyingi hupasuliwa kwa mashine ndogo za msumeno wa duara ziitwazo "dingdong", na unene wake mara nyingi haulingani. Fundi hulazimika kuziranda, na kila kosa la randa hula unene ambao mteja ameshaulipia.

Sehemu na utendaji

Ndani ya randa kuna ngoma inayobeba visu, kwa kawaida viwili. Randa nyingi hukata upana wa milimita 82, na ngoma huzunguka takriban mara 16,000 kwa dakika. Chini kuna mabamba mawili. Bamba la mbele hupandishwa au kushushwa ili kuchagua kina cha mkato. Bamba la nyuma halisogei, nalo hupita juu ya sehemu iliyokwisha kurandwa. Makali ya visu yanapofika chini kabisa ya mzunguko yanapaswa kuwa sawa na bamba la nyuma. Mikato mingi isiyo sawa hutokana na kukosekana kwa ulinganifu huo.

Kupima visu

Kwanza randa huchomolewa kwenye umeme, kisha hugeuzwa juu chini. Kipande cha mbao kilichonyooka huwekwa juu ya bamba la nyuma hadi kifunike ngoma, na ngoma huzungushwa polepole kwa mkono. Kisu kinapaswa kukigusa kidogo bila kukiinua. Kipimo hurudiwa kwenye ncha zote mbili za kila kisu, kisha skrubu hukazwa.

Dalili na sababu zake

* Shimo mwishoni mwa ubao: visu vimechomoza kupita bamba la nyuma, au fundi amekandamiza mbele wakati wa kumaliza. Mwanzoni uzito huwekwa mbele, mwishoni huhamia nyuma.
* Mkato unaopungua kina kadiri randa inavyosonga: visu viko chini mno, hivyo bamba la nyuma huinua randa.
* Mfereji upande mmoja: kisu kimefungwa kimepinda.
* Mstari ulioinuka kwa urefu wote wa ubao: kisu kimepata pengo, mara nyingi baada ya kugonga msumari au mchanga.
* Mawimbi: kisu kimoja kimechomoza kuliko kingine, randa inasukumwa haraka mno, mkanda umelegea, au umeme ni hafifu na ngoma imepungua kasi.
* Nyuzi kung'oka: ubao unarandwa kinyume cha nyuzi zake, au kuna vifundo. Ubao hugeuzwa na kina hupunguzwa.

Hali ya mbao

Utomvu wa msindano huganda kwenye mabamba na kuinua randa; hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, randa ikiwa imechomolewa na imepoa. Maranda yaliyoziba tundu la kutokea huondolewa kwa kijiti baada ya kuchomoa waya. Mbao mbichi hutoa uso wenye manyoya na hupinda zinapokauka, hata kama randa haina hitilafu. Hivyo hupangwa kivulini zikitenganishwa kwa vipande vyembamba hadi zikauke, ndipo zirandwe kwa mara ya mwisho.